Mzigo wa Hija: Vya Kuchukua na Vya Kuacha Nyumbani



Tumepokea barua kutoka Ifakara, imeandikwa na mama mmoja ambaye jina lake twalihifadhi. Yeye na mumewe wamenuia kwenda Hija. Fedha wamezikusanya kwa mavuno ya mpunga ya miaka sita, na bado zimepunguka kidogo. Mama huyu atuuliza maswali mawili. La kwanza ni jepesi: atie nini sandukuni, na nini akiache? La pili amelitia mwisho kabisa wa barua, kwa mistari miwili tu, kana kwamba aliona haya kuliandika: mumewe ataka kuuza mpunga ungali mbichi shambani ili atimize nauli, na nusu ya shamba hilo ni urithi wa mama mwenyewe kutoka kwa marehemu baba yake. Je, anyamaze? Sisi twaona swali hili la pili ndilo mzigo wenyewe, nasi tutalifikia Inshaallah.

Kwanza twasema kwamba watu wa Bonde la Kilombero si watu wa kufundishwa kufunga mizigo. Kila mwaka mvua zinapokaribia, jamaa nyingi za huko huhama majumbani mwao wakaenda mashambani, mbugani, wakakaa katika vibanda na madungu miezi kadhaa, wakifukuza ndege na nguruwe, mpaka mpunga umeingia guniani. Mama wa nyumba hukaa akapima. Sufuria mbili, mkeka, chandarua, majembe, mbegu, chumvi na kibiriti. Kisichobebeka kichwani wala juu ya baiskeli hubaki. Tena hufikiri jambo kubwa kuliko vyombo: nani atabaki na watoto wa shule, na bibi mzee atapikiwa na nani. Mwenye kufanya hesabu hiyo kila mwaka amekwisha fuzu nusu ya elimu ya safari, ila pengine hajui kuwa amefuzu.

Na wazee wetu waliohiji kwa njia ya bahari walikuwa na hesabu nzito zaidi. Aliyepanda jahazi alikwenda kwa pepo za kusi, na kurudi kwake kulingoja kaskazi, na kaskazi haivumi kwa haja ya mtu. Hata zilipokuja meli za moshi, msafiri wa kutoka pande zetu alipoingia Bahari ya Sham alishushwa katika kisiwa cha Kamaran, ambako kiliwekwa kituo cha karantini mwaka 1882, akakaguliwa afya yake kabla ya kuruhusiwa kufika Jidda. Kwa hiyo msafiri alichukua chakula chake, maji yake, godoro lake, na wengi walichukua na sanda. Mzungu mmoja, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwishoni mwa mwaka 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasr Al-Najdi, kutoka Aden kuja pwani yetu, na habari zake akazitoa katika kitabu mwaka 1940. Ameeleza jinsi abiria walivyojazana juu ya sitaha, kila mmoja akiishi katika nafasi ya mwili wake na bidhaa yake. Jahazi hilo lilipakia boriti katika delta ya Rufiji kabla ya kurejea Arabuni. Nasi twapenda kuwakumbusha vijana wa Ifakara kuwa maji ya Rufiji ni maji yao, kwani Kilombero na Luwegu zikikutana ndipo Rufiji inapozaliwa.

Leo msafiri wa Ifakara hupita nchi kavu kilomita 400 hivi mpaka Dar es Salaam, kwa basi au kwa gari la moshi la TAZARA. Anayetoka ng'ambo, upande wa Ulanga, hangoji tena kivuko, maana daraja kubwa la Mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018. Nasi twawakumbuka waliozama pale kivuko kilipopinduka Januari 2016, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kutoka Dar es Salaam ndege humfikisha Hijazi kwa muda wa saa chache. Lakini wepesi wa ndege usimdanganye mtu. Safari yenyewe yaweza kuwa majuma matatu, au zaidi ya mwezi, naye atalala chumba kimoja na watu asiowajua, ndani ya joto ambalo bonde letu halilijui. Mwaka 2024 joto la Makka lilipanda mpaka digrii 51.8, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Serikali ya Saudia ilieleza kuwa 83 katika kila 100 ya waliofariki hawakuwa na ruhusa ya kuhiji, hivyo walitembea mwendo mrefu juani pasipo hema wala kivuli. Basi mtu akikujia na viza ya matembezi kwa bei nafuu, akakuambia utahijia hiyo, mwambie huna haja nayo.

Sasa tuje sandukuni. Mwanamume achukue ihramu mbili: shuka ya kujifunga na ya kujitanda, zisizoshonwa, na akiba yake. Hizo asizitie katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Twamjua bwana mmoja aliyezitia humo, na ilipotangazwa kuwa mikati imekaribia akawa amekaa na suruali yake, ihramu zake zi chini ya miguu yake naye hana njia ya kuzifikia. Ihramu yakaa katika mkoba wa mkononi, pamoja na pasi, dawa, miwani, na cheti cha chanjo. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo yatakiwa kwa msafiri wa kwetu, wala isingojwe mpaka siku ya safari. Makasi ya kupunguzia nywele, kinyume chake, yaende katika sanduku kubwa, maana mkononi yatachukuliwa.

Mwanamke hana sare. Achukue nguo zake za heshima, pana, nyepesi, za pamba, zisizong'ara. Akiwa katika ihramu hafuniki uso kwa nikabu wala havai glavu. Achukue na mahitaji yake ya mwezi ya kutosha, na wala asihuzunike hali hiyo ikimjia, kwani atafanya amali zote za Hija isipokuwa kutufu, atakayofanya akitoharika.

Viatu ndivyo vinavyosahauliwa. Kwenda Safaa na Marwa mara saba peke yake ni kilomita tatu na zaidi, na kutoka Mina mpaka Arafa ni kama kilomita 14. Kandambili mpya zilizonunuliwa siku ya kuondoka zitamtoa mtu malengelenge kabla hajaiona Al-Kaaba. Anunue mapema, azivae akienda sokoni na shambani mwezi mzima, ndipo azichukue zikiwa zimekwisha juana na miguu yake. Mwavuli wa rangi nyeupe, chupa ya maji, sabuni isiyo na manukato, mkanda wa kutilia fedha: hivyo vyatosha kutajwa tu. Sanduku lifungwe kipande cha kanga ya rangi kali ili lijulikane kati ya masanduku mia yanayofanana.

Jambo moja la afya lawahusu watu wa Kilombero zaidi ya wengine. Ifakara imejulikana duniani kwa uchunguzi wa malaria, na sababu yake kila mwenyeji aijua. Chandarua aache; kiwafae watoto, maana Makka haina malaria. Lakini yeye mwenyewe aweza kuondoka na malaria damuni bila kujijua, ikamdhihirikia baada ya wiki mbili akiwa Mina. Tabibu wa huko, akiona homa katika joto lile, huenda akadhani ni jua. Basi apime kabla ya kuondoka, na akishikwa na homa aseme wazi: "Mimi natoka penye malaria." Neno hilo lina faida kuliko mfuko wa vidonge. Dawa zake za kawaida, kama za presha na sukari, azichukue katika makasha yake ya asili pamoja na hati ya daktari. Vidonge vilivyofungwa katika karatasi ya gazeti vitamtia katika maulizo marefu.

Vya kuacha ni vingi, nasi tutataja vichache. Aache dhahabu. Aache hirizi, ambazo huko huhesabiwa uchawi na sheria yao ni kali. Aache jiko na mafuta, kwani tangu moto ulioteketeza mahema ya Mina mwaka 1997, ukaua watu zaidi ya 300, kupikia gesi mahemani kumekatazwa. Na kuliko vyote aache vifurushi vya watu. Jirani akija usiku na kibahasha, "mpelekee mwanangu aliyeko Jidda," ajibiwe kwa upole kuwa nafasi hakuna. Huenda ni tangawizi. Lakini ikiwa si tangawizi, adhabu ya madawa ya kulevya huko ni shingo.

Zawadi nazo zimekuwa mzigo wa pili. Mtu huenda na sanduku moja akarudi na matatu, kwa hofu ya kulaumiwa na mtaa. Misbaha nyingi zinazouzwa Makka zimetengenezwa China, na ndizo hizo hizo zinazouzwa Kariakoo. Tende kidogo, na maji ya Zamzam katika dumu la lita tano linalouzwa tayari uwanjani, zamtosha mwenye kuridhika.

Sasa swali la pili.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 197, mahujaji wameamrishwa kuchukua masurufu, wakaelezwa kuwa masurufu bora ni kumcha Mungu. Ibn Abbas amesimulia sababu yake: watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija mikono mitupu wakisema wao wamemtegemea Mungu, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Yaani aya ilishuka juu ya jambo la kufunga mzigo. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameueleza uwezo wa kuhiji kuwa ni masurufu na kipando cha kwenda na kurudi, baada ya kulipa deni, na baada ya kuacha chakula cha wanaomtegemea mtu mpaka atakaporudi. Asiye na hayo Hija haijamwajibikia, wala hana dhambi kwa kungoja.

Kuuza mpunga mbichi ni mlango wa deni. Mtume s.a.w. amekataza kuuza matunda kabla hayajadhihiri kufaa, na masuke kabla hayajawa meupe. Kweli iko bei ya salamu, ambayo fedha hutolewa leo na nafaka hulipwa baadaye. Nayo ni halali ikiwa kipimo chajulikana, muda wajulikana, na thamani yote imetolewa pale pale. Lakini inayofanyika vijijini mwetu mara nyingi sivyo. Mwenye fedha humkuta mkulima katika dhiki, humpa kidogo, na wakati wa mavuno huja na gunia la lumbesa lililoongezwa kilemba juu, ambalo hapana ajuaye kimo chake. Kipimo kiko wapi hapo? Twamkumbuka mzee mmoja wa bonde hilo hilo aliyerudi Hija akalakiwa kwa dufu na udi. Jua halijatua, mdai alikuwa mlangoni na magunia matupu kwapani, na wanawe wakala chakula cha kukopa mpaka msimu wa pili.

Tena pana jambo la wakati. Mwaka 2024 siku ya Arafa ilikuwa tarehe 15 Juni, na mwaka 2025 tarehe 5 Juni. Hija yarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa sasa yaangukia ndani au karibu ya mavuno ya Kilombero. Wakiondoka mume na mke pamoja, nani atavuna? Vibarua wasiosimamiwa huvuna, lakini hawavuni kwa ajili yako. Jambo hili nalo ni la kupangwa kabla ya kununua ihramu.

Kwa hiyo twamjibu mama hivi. Asinyamaze. Nusu ya shamba ni mali yake kwa sheria, na mazao yake hayauzwi bila ya ridhaa yake, hata na mume mwema mwenye nia njema. Amwambie mumewe kwa adabu, wakati wa utulivu, si mbele ya watoto. Akiona vigumu, amsomee ukurasa huu, au amwombe shekhe wa msikiti wao akae nao. Fedha za miaka sita zisiguswe. Wangoje mavuno haya yaingie ghalani, yauzwe kwa bei ya mpunga mkavu, watimize nauli ya mwaka unaofuata, na pawepo na ndugu mwaminifu aliyekubali mbele ya mashahidi kusimamia shamba. Kabla ya kuondoka waandike wasia, na deni dogo la dukani walilipe, hata likiwa la kibiriti.

Amemalizia kwa kuuliza kama aweza kuchukua kilo tano za mchele wa Supa, kwani amesikia kuwa wa huko hauna harufu. La, mama. Chakula hutolewa na kundi lenu, na jiko hutakuwa nalo. Uache mchele huo nyumbani, mahali pakavu, panya wasipofika. Siku mtakayorudi watu watajaa uani kutaka kusikia habari, nao watakuja na njaa.