Mshauri wa Mkopo wa Jiji Awe wa Jiji

Halmashauri inapoamua kukopa kwa kuuza hatifungani, mtu wa kwanza kuhitajiwa si mnunuzi bali ni mshauri wa fedha. Ndiye apigaye hesabu za mapato yajayo, ndiye aandaaye masharti, ndiye aliambiaye Baraza la Madiwani kikopwe kiasi gani, kwa riba gani na kwa miaka mingapi. Madiwani walio wengi hawajapata kuuza hatifungani maishani mwao. Watanyoosha mikono kwa kutegemea neno la mtu huyo. Basi kabla ya kuulizwa fedha zitatoka wapi, hapana budi liulizwe swali jingine: mshauri huyu analipwa na nani, na analipwa kwa tendo gani?

Swali hili si la nadharia tena. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Wanunuzi wakaleta bilioni 54.72. Ni jambo la kujivunia kwamba akiba za nchi zimeelekezwa katika maji ya nchi. Lakini mafanikio ya Tanga yamewaamsha hata wasiokuwa na kiu ya maji. Majiji yenye masoko, stendi, maegesho na hoteli yatabishiwa hodi na mabwana wenye mikoba, na Arusha, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2012, haitasahauliwa katika ziara hizo.

Mabwana hao huja na pendekezo tamu. Halmashauri haitatoa hata senti mkononi. Mshauri atajilipa kwa asilimia ya fedha zitakazopatikana, na hatifungani isipouzwa hatadai kitu. Wako watumishi wanaoliona pendekezo hili kuwa ni nafuu, kwa kuwa halihitaji kifungu katika bajeti. Hesabu ndogo inatosha kulifumbua. Katika mkopo wa ukubwa wa ule wa Tanga, asilimia moja ni shilingi milioni 531. Mtu aliyeahidiwa kiasi hicho siku ya mauzo, asipate kitu mauzo yasipofanyika, atawezaje kuliambia Baraza likope nusu, au lingoje miaka miwili, au lisikope kabisa? Kila ushauri wa busara unamtoa fedha mfukoni. Deni likiwa kubwa yeye hunenepa. Likishindwa kulipika, yeye hayupo. Waliosema kukopa arusi kulipa matanga walikuwa na maana kwamba mkopaji huenda kote kuwili. Mshauri wa asilimia huenda arusini tu.

Tanzania imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2012 na 2013 Serikali ilikopa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya London na dada yake Stanbic Tanzania. Ada ilipangwa kuwa asilimia 1.4, ikapanda ikawa 2.4. Ile asilimia moja ya nyongeza, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ya hapa nchini iitwayo EGMA, ambayo haikuonekana ushahidi wa kazi iliyoifanya, na ambayo mwenyekiti wake alikuwa mtumishi mkuu wa Serikali. Novemba 2015, kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama ya Uingereza, benki hiyo ilitakiwa kuirudishia Tanzania fedha hizo pamoja na riba. Yafaa ieleweke kwamba mirija ile haikuchomekwa katika riba, mahali ambapo kila mtu hutazama. Ilichomekwa katika ada.

Huko Marekani, wilaya ya Jefferson katika jimbo la Alabama ilifilisika Novemba 2011 kwa madeni ya zaidi ya dola bilioni 4, sehemu kubwa ikiwa ni ya mifereji ya maji machafu, baada ya mabenki kuvuna ada na viongozi kuvuna rushwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ikawalazimisha washauri wa serikali za mitaa kujiandikisha na kuyatanguliza maslahi ya mkopaji. Nchi ya mabepari wenyewe iliona kwamba soko lisingewafundisha uaminifu.

Kwa Arusha mshauri wa kweli angeuliza maswali machungu. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipozuia watalii, hoteli za mji zilibaki tupu. Mwaka kama ule ukirudi, kodi ya soko na ada ya maegesho zitatosha kulipa riba? Kodi ya majengo iliondolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 ikapewa TRA, na tangu 2021 ikakusanywa kupitia LUKU. Chanzo kinachowekwa rehani leo kikihamishwa kesho, deni litalipwa na nani? Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Je, imekwisha kutolewa katika hesabu? Dalali hana haja na maswali haya.

Watu wa Meru hawakuwa na haja ya kufundishwa jambo hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza karibu watu 3,000 Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa huko New York, akiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyeishi Moshi. Ardhi haikurudi kwa kura ya New York. Lakini hakuna Mmeru aliyelazimika kuuliza Seaton ni wakili wa nani, maana hakuahidiwa fungu kwa kila ekari iliyobadili mikono.

Jiji na limlipe mshauri wake ujira uliopangwa tangu mwanzo, hatifungani iuzwe isiuzwe. Apatikane kwa zabuni ya wazi, na yeye na kampuni zake wakatazwe kuiuza, kuidhamini au kuinunua. Gharama hiyo itaingia katika bajeti na itaumiza. Afadhali iumize ikionekana. Miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa hatifungani ni mifuko ya pensheni, kwa hiyo mwalimu wa Sekei ana fedha zake upande wa mkopeshaji, na shule yake iko upande wa mkopaji. Taarifa ya mshauri, pamoja na ukurasa wa malipo yake, iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika mbao za matangazo za kata zote wiki mbili kabla ya kura, badala ya kugawiwa kwa Kiingereza asubuhi ya kikao.