Nani Alipe Shuka Lililoharibiwa na Mgeni?



Mwezi uliopita mke wa mwenzetu mmoja wa Changamwe alipokea malipo yake yakiwa yamepungua shilingi 2,800. Mama huyu husafisha nyumba zinazokodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, nyumba hizi ambazo mjini zote huitwa Airbnb, hata kama mwenyewe hajajiandikisha na kampuni hiyo. Kwa kila nyumba hulipwa shilingi 500: apige deki, afue, atandike, aondoe takataka. Wageni walikuja kwa arusi, bibi arusi akatiwa hina na piko humo humo chumbani, na asubuhi shuka jeupe lilikuwa na maua kama mkono wa bibi arusi mwenyewe. Mama alifua mara tatu. Halikutakata. Mwenye nyumba akatazama bei ya shuka jipya na foronya mbili, akaikata yote katika malipo ya mama. Ndiyo kusema alifanya kazi nyumba tano bure, na ya sita akapata shilingi mia mbili.

Tulipouliza ni nani huyo mwenye nyumba, tuliona haya. Ni mmoja wetu. Ni mwanachama, ada yake hulipa, na si siku nyingi tangu aliposimama mkutanoni akapiga meza kwa ajili ya saa za usiku zisizolipwa. Hatumtaji jina, kwa kuwa baadaye tumegundua kuwa si yeye peke yake. Kwa hiyo maneno haya ni yetu sote.

Twafahamu jambo hili lilivyoanza. Ni tangu treni mpya ilipoanza kufika Miritini. Tusiwachanganye vijana: ile ya zamani ni ya karne nyingine. Hii mpya ilianza mwezi wa Juni 2017, na treni ya usiku kutoka Nairobi huwashusha abiria kabla ya alfajiri. Mtu aliyeshuka saa hiyo na mabegi na watoto ataka kitanda, hataki maneno mengi. Wenzetu wenye akili waliliona hilo. Walichukua mkopo wa ushirika, wakajenga chumba na choo ndani, huyu Mikindani, yule Magongo, mwingine Miritini penyewe. Wengine wana nyumba Kisauni na Bamburi karibu na pwani, wengine Likoni upande wa Shelly Beach. Hatuna kijicho. Mfanya kazi akipata chumba cha kumlisha atakapostaafu, hiyo ni heri. Lakini yule aliyekuwa mfanya kazi asubuhi amekuwa mwajiri jioni, na yafaa ajue sheria za mwajiri kama anavyozijua za mfanya kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yataja ni vitu gani mwajiri aweza kukata katika mshahara. Juu ya mali iliyoharibika yasema kiasi cha haki chaweza kukatwa ikiwa uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Tazameni vizuri, ndugu. Haikusema kosa la mgeni. Hata uzembe umetajwa mahali pengine, upande wa upungufu wa fedha kwa mtu ambaye mkataba wake ni wa kukabidhiwa fedha, kama karani wa tikiti. Kwa mali yatakiwa kusudi. Sasa mama wa Changamwe alikuwa kwake amelala wakati hina inatiwa. Kusudi lake liko wapi? Tena kifungu hicho hicho chakataza makato yote pamoja kupita theluthi mbili za mshahara. Na asiseme mtu kuwa huyu si mwajiriwa kwa sababu hulipwa kwa nyumba wala si kwa mwezi. Sheria hiyo yaitambua kazi ya kipande na yataka ilipwe.

Wenye nyumba hutujibu hivi: "Na mimi je? Mgeni amekwenda zake Nairobi, shuka limekufa, nani atanilipa?" Ni swali la haki, na twataka kulijibu, maana mwenye chumba kimoja naye si tajiri.

Jibu la kwanza ni hesabu, hii ya shule ya msingi. Chukueni mfano wa jozi ya mashuka ya shilingi 3,000. Ikiwa yatalaliwa na wageni sitini kabla ya kuchakaa, kila mgeni ametumia shilingi 50. Hizo hamsini ziwekwe katika bei ya chumba tangu mwanzo na kutengwa kando. Shuka ni kama mafuta ya kulainisha au matambara ya kufutia mashine pale karakana. Hakuna fundi aliyewahi kuambiwa anunue matambara kwa mshahara wake kwa sababu yamechafuka. Yalinunuliwa yachafuke. Mwenye nyumba aliyepanga bei bila kuhesabu mashuka amekosea hesabu yake mwenyewe, na yule mwanamke siye wa kuisahihisha kwa mfuko wake.

Jibu la pili ni kuhesabu na kuandika. Wazee wetu waliofanya kazi katika treni ya zamani ya usiku, ile iliyokoma mwaka 2017, walijua habari ya matandiko kuliko sisi. Abiria wa daraja la juu walipokuwa katika gari la chakula, mhudumu alipita akatandika vitanda, na asubuhi alivitandua. Wazee hao hutuambia kuwa matandiko yalipokewa kwa hesabu na kurudishwa kwa hesabu, na likionekana doa au tundu liliandikwa kabla ya kwenda kwa dobi, kwa sababu likisha kwenda kwa dobi kila mtu humsingizia mwenzake. Basi fanyeni vivyo hivyo. Daftari la shilingi hamsini latosha. Mgeni kabla hajaingia: mashuka manne, foronya nne, taulo mbili, chandarua kimoja, yote mazima; mwenye nyumba na mfuaji watie sahihi. Mgeni akitoka, kabla kitu chochote hakijaloweshwa, vihesabiwe tena. Lenye doa lipigwe picha kwa simu, na picha hiyo ionyeshe shuka likiwa bado kitandani.

Picha hiyo ndiyo itakayomfikia mgeni. Ikiwa mgeni alikuja kwa njia ya Airbnb, kampuni hiyo yampa mwenye nyumba siku 14 tangu mgeni kutoka ili apeleke madai yake, na haitalipia uchakavu wa kawaida. Mwenye nyumba wetu aliligundua doa la hina siku ile ile, hakupeleka lolote, akangoja mwisho wa mwezi akamkata mama. Kumkata mama kulikuwa rahisi kuliko kuandika. Hapo ndipo tunapokasirika. Ikiwa mgeni alikuja kwa kupigiana simu tu, basi ichukuliwe amana ndogo kwa M-Pesa, aambiwe wazi tangu mwanzo ni ya nini, na akiondoka salama arudishiwe siku hiyo hiyo. Wako wanaoichukua amana ya mgeni na mshahara wa mfuaji kwa doa moja. Hao tutazungumza nao kwa njia nyingine.

Sasa kwa upande wa madoa yenyewe, maana twataka na wenye nyumba wajifunze, tumekaa na akina mama watatu wanaofanya kazi hii, mmoja wa Kisauni, mmoja wa Likoni na huyu wa kwetu, nao wakatueleza mambo ambayo sisi wanaume hatukuyajua. Damu hufuliwa kwa maji baridi. Ukiimwagia maji ya moto umeipika ndani ya uzi, haitoki tena. Mafuta ya nazi na mafuta ya kupikia yataka sabuni kabla ya maji. Rangi ya biriani hupungua likianikwa juani. Jiki ndiyo balaa: kila mwenye nyumba hununua jiki akadhani ni dawa ya kila kitu, lakini baadhi ya mafuta wanayojipaka wageni ili wasiungue na jua, yakikutana na jiki, hugeuka rangi ya kutu. Mfuaji hufuata amri, atia jiki, doa lazidi, kisha aambiwa ameharibu shuka.

Na maji! Nyumba nyingi za upande wa bara hutumia maji ya kisima, yale yenye chumvi, kwa sababu ya mfereji huja leo yakapotea wiki. Katika maji hayo sabuni haitoi povu, na shuka jeupe baada ya miezi michache lina rangi ya kikoi kikuukuu. Hakuna mgeni aliyefanya hivyo, wala mfuaji. Ni kisima. Mama wa Likoni alituambia, "Shemeji zangu, mimi nikipewa madumu mawili ya maji matamu kwa kusuuza mwisho, mashuka yale yatadumu. Lakini nani atanisikiliza?" Madumu mawili ni bei ya soda. Basi tumemsikiliza, na tumeyaandika hapa.

Hina na piko si ajali, ni desturi yetu ya pwani, na kila mwenye nyumba ajua miezi ya arusi. Wekeni leso mbili kuukuu na taulo jeusi katika kabati, na mgeni wa arusi aambiwe kwa upole: haya ni ya bibi arusi. Godoro livalishwe kifuniko chake, maana godoro ndilo ghali.

Liko jambo moja ambalo akina mama walilisema kwa sauti ndogo. Mara nyingine damu ya shukani ni ya mgeni mwanamke ambaye siku zake zimemjia usiku, au ni ya mgonjwa. Mwenye nyumba mmoja alimpelekea mgeni picha na kumdai pesa, mgeni akalia kwa aibu. Sisi twaona doa la namna hiyo lifuliwe kwa maji baridi na lisitajwe. Si kila doa ni deni.

Hatusemi wafuaji hawakosi. Pasi ikiachwa juu ya shuka kwa sababu mtu alikuwa akizungumza na simu, hilo ni kosa na aambiwe. Akirudia, aonywe kwa maandishi kama sisi tunavyoonywa kazini, na asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Na akiiba taulo, ni kosa la makusudi, sheria ipo. Tulimwuliza mwenye nyumba wetu kama angekubali, gari la mizigo likipata hasara kwa kosa la mwenye mzigo, yeye akatwe mshahara. Alinyamaza. Kisha akasema hilo ni jambo jingine. Hatukuona ujingine wake.

Tena baadhi yenu mtauliza, chama cha reli chahusika nini na wafua mashuka? Wanacho chama chao, KUDHEIHA, cha wafanya kazi wa majumbani na mahoteli, na twawahimiza wajiunge. Wengi hawajasikia hata jina lake, kwani kila mmoja yuko peke yake katika nyumba ya mtu. Lakini kumbukeni Januari 1947. Mgomo ule mkubwa wa Mombasa ulikuwa wa watu wa bandari na wa reli, na watumishi wa mahoteli na wa majumbani walitoka pamoja nao. Walikutana katika uwanja mmoja, ukaitwa Kiwanja cha Maskini. Boi wa jikoni alisimama karibu na kuli na mtu wa reli, na hakuna aliyemwambia, "Wewe wafua nguo tu, nenda zako." Leo mke wa mtu wa reli afua nguo katika nyumba ya mtu wa reli, na mtu wa reli amkata mshahara. Wazee wale wangetuuliza nini?

Kwa hiyo tawi la Changamwe litaliweka jambo hili mbele ya mkutano wa mwezi ujao. Twaomba kila mwanachama mwenye chumba cha wageni aje na daftari lake, na kama hana aje aone la mwenzake. Mwanachama yeyote ambaye mkewe, dada yake au binti yake amekatwa malipo kwa doa la mgeni, alete tarehe, kiasi kilichokatwa, na ujumbe wa simu kama upo, asiufute. Tutajaribu kwanza kuzungumza kindugu. Isipowezekana, Ofisi ya Kazi iko mjini na mlango wake u wazi kwa kila mfanya kazi, awe na chama au asiwe nacho.

Mama wa Changamwe amekwisha rudishiwa shilingi 1,400. Mwenye nyumba aliahidi zilizobaki mwisho wa mwezi huu, mbele ya wanachama wanne, na sisi tuliandika.