Saruji Inavuka, Mimi Sivuki

Wenzangu wa kambini, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tuambiane ukweli. Kila wakubwa wakikaa kuongea habari za Maziwa Makuu, neno ni lile lile: utangamano wa uchumi. Neno tamu. Lakini wanaunganisha nini na nini? Mimi naishi hapa Gashonga, na naona mali inapita. Watu kama sisi hatumo.

Tuanze na saruji. Kiwanda cha CIMERWA, kule chini Bugarama, kilijengwa na Wachina miaka ya 1980. Baadaye kampuni ya Afrika Kusini ikachukua hisa nyingi, kisha ikawauzia Wakenya. Mifuko yake inavuka mpaka kwenda Kongo. Mtaji umebadilisha wenyewe mara ngapi, na hakuna aliyeulaza kituo cha mpito.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Rwanda, Burundi na Zaire zilianzisha CEPGL pale Gisenyi mwaka 1976, na baadaye wakapata bwawa la Ruzizi II, mali ya nchi zote tatu. Vita vya 1996 vikaja, watu wakamwagika vilimani, lakini SINELAC inayoendesha bwawa hilo haikufa. Kumbe wakitaka, wanaweza.

Sasa ni zamu ya Washington. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi makubaliano ya amani mbele ya Marekani, na ndani yake umo mpango wa uchumi wa pamoja, madini yakiwemo. Wakimbizi tumetajwa pia: tusaidiwe kurudi. Amani tunaitaka, nani anaikataa? Ila katika karatasi hiyo madini yana soko, na sisi tuna safari ya kurudi tu.

Tena kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo imeingia mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kutembea na kufanya kazi. Halafu Ibara ya 7 inasema wakimbizi watafuata mikataba ya kimataifa. Basi, tumemalizwa kwa sentensi moja.

Angalieni mtego wenyewe. Mimi ni Mkongomani, nchi yangu ni mwanachama. Ili nidai haki hiyo nahitaji pasipoti ya serikali niliyoikimbia. Nikienda kuiomba, kwa Mkataba wa 1951 naweza kuhesabiwa kuwa nimerudi chini ya ulinzi wake, na ukimbizi wangu uko hatarini. Nikiacha kuiomba, soko la pamoja si langu.

Watasema ni usalama. Jamani! Nani anajulikana kuliko mkimbizi? Alama za vidole wanazo, picha wanazo, idadi ya watoto wanaijua. Mfuko wa saruji haujaulizwa hata robo ya hayo.

Rwanda inaturuhusu kufanya kazi, na tunashukuru. Lakini fundi cherehani Mnyarwanda anaenda Kampala kutafuta vitambaa kwa kitambulisho chake tu. Fundi mkimbizi, mwenye cherehani kama hiyo hiyo, kitambulisho chake kinaishia mpakani. Mtaji wao ukiwa sawa, nani atafunga kwanza?

Ninachodai si pesa. Nchi za Jumuiya zikubali kitambulisho cha mkimbizi kiwe hati ya kusafiri na kufanya kazi ndani ya Jumuiya yote, bila kumrudisha mtu kwa serikali aliyoikimbia. Ninyi wa mashirika, mafunzo ya ujasiriamali tumeshapata, vyeti tunavyo. Mkiandika ripoti inayokuja, andikeni hili, na mlifikishe Arusha. Mtu ukimfundisha biashara halafu ukamfungia njia, hujamsaidia. Umempa cheti cha kukaa.