SEHEMU YA 6: "Haina moshi" si sawa na "haina sumu"

Mama zangu, tangu nipost sehemu ya 5 meseji zimejaa. Watu watatu tofauti wamenitumia tangazo moja: meko ya gesi ya ukutani, moto mzuri, chini yake imeandikwa haihitaji bomba la moshi na ni salama kwa mtoto. "Sista, tuweke chumba cha mzazi? Si unaijua baridi ya Njombe mwezi wa saba?"

Naijua. Jibu langu ni hapana. Na huyo muuzaji akinisoma asinune, aje tujibizane hapahapa kwenye comment.

Kinachoua usiku si moshi. Ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haikukoholeshi. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mkaa ndo mbaya zaidi: ule wakati tunaosema "umeshika, sasa ingiza ndani", moshi umeisha lakini sumu inatoka kwa wingi. Gesi ya mtungi ikiwaka vizuri inatoa kidogo sana, siwadanganyi. Ila tundu zikiziba vumbi moto ukawa wa njano, au chumba kikaishiwa hewa, inatoa. Na hata ikiwaka vizuri, kama hakuna bomba basi kila kinachotoka kwenye moto unakivuta wewe: mvuke unaooteshea kuta ukungu, na hewa chafu inayobana kifua cha mtoto mwenye pumu.

Atakwambia ina sensa. Kweli, zile nzuri zinayo, inazima moto oksijeni ikishuka kutoka 21% mpaka karibu 18%. Lakini inapima oksijeni, haipimi sumu! Jimbo la California kule Marekani halikubali hita hizi ndani ya nyumba za kuishi. Sisi tunauziwa za chumba cha kichanga.

Sasa kisa ambacho sipendi kukisimulia. Miaka ya nyuma, zamu ya usiku, alikuja mama na kichanga wa wiki tatu na mdogo wake wa kike. Wakubwa wote wawili kichwa kinauma, wanatapika. Malaria hamna. Klipu ya kidoleni ikasoma 98, nikaridhika. Sikujua kwamba klipu za kawaida haziwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Nikawapa panadol. Wakakaa kwenye benchi nje wakisubiri bodaboda, wakapata nafuu, mimi nikafurahi dawa imefanya kazi. Nikawarudisha kwenye chumba kilekile chenye jiko.

Usiku uliofuata jirani alivunja mlango. Walipona wote watatu, kwa sababu tu yule mtoto alilia sana kabla hajanyamaza.

Sikuwauliza swali moja: mnalala na moto ndani? Ugonjwa unaowapata watu wote wa nyumba pamoja, na unaopungua mkitoka nje, si wa kunywea panadol.

Najua mama mkwe atasema, "Sisi tulizaa kwenye moto na mko hai." Shikamoo mama, ni kweli. Lakini nyumba yako ilikuwa ya nyasi, hewa inapita kila upande. Mkweo amejenga kwa bati, dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu, na kachomeka kanga chini ya mlango. Moto ni uleule, nyumba ndo imebadilika. Msimlaumu binti, mumweleze.

Mtoto anapata joto kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kofia na soksi, blanketi juu yenu wote. Baba naye ana kifua, asijifanye mgeni. Kumwogesha subiri saa 24 zipite. Pasha chumba kabla ya kulala kama ni lazima, madirisha wazi, kisha jiko litoke nje kabisa, hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Mnaojenga na mnataka meko sebuleni: wekeni yenye bomba linalotoka juu ya paa, mtungi ukae nje, fundi apime kila kiungo kwa maji ya sabuni. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe karibu na mnapolala. Kama hiyo isiyo na bomba mmeshainunua, isiingie chumbani wala bafuni, na isiwake hata dakika moja mkiwa mmelala.

Mkijisikia vibaya, tokeni kwanza, kufungua madirisha baadaye. Zimamoto ni 114. Mwenye mimba aje hospitali hata kama yeye kapata nafuu, maana mtoto tumboni sumu inachelewa kumtoka. Mkifika semeni wazi: "Tulilala na jiko." Msione aibu, nesi anaweza asiulize.

Sehemu ya 7 nitawajibu wa pumu, mko wengi.