Kinga ya Mmea si Vita

Aghalabu tuelezapo kwa Kiswahili jinsi mimea inavyojilinda dhidi ya magonjwa, hukimbilia msamiati wa kambini: askari, ngome, adui, silaha. Ninashikilia kwamba msamiati huo unapotosha, na kwamba upotoshi wenyewe hauishii katika mapambo ya lugha, bali humfikia mkulima.

Tuuchukue mpunga, zao ambalo watu wa Mwea wanalijua kwa jasho lao, pamoja na ugonjwa wa blasti unaoletwa na kuvu iitwayo Magnaporthe oryzae. Basmati 370, aina inayopendwa kwa harufu yake, ni miongoni mwa zile ziuguazo kwa urahisi. Ukuta wa kuvu una dutu ngumu iitwayo kitini (vile vitini vya mihadhara tunavyonakili usiku wa kuamkia mtihani ni vingine!), ambayo hupatikana pia katika magamba ya kaa na wadudu. Mmea wenyewe hauna kitini. Kwa hivyo, kipande chake kinapoigusa seli ya mmea, ni habari kwamba mgeni yupo.

Habari hiyo husomwaje? Mmea hutoa vimeng'enya vinavyoukatakata ukuta wa kuvu, na vipande vinavyobanduka hunaswa na protini zilizochomoza juu ya utando wa seli. Katika mpunga, protini mojawapo, CEBiP, ilielezwa na watafiti wa Japani mwaka 2006. Hiyo hukishika kitini, lakini haina sehemu iliyoingia ndani ya seli. Hutegemea mwenzake, OsCERK1, kuivusha habari. Dakika chache baadaye kalisi humiminika ndani, kemikali kali za oksijeni huzalishwa, na jeni za kinga huamka.

Sasa askari yuko wapi? Binadamu ana chembe nyeupe zinazozunguka katika damu. Mmea hauna damu wala chembe za doria. Kila seli hujisomea habari mlangoni pake. Kuvu nayo huchezea habari hiyo hiyo. Mwaka 2012 ilibainishwa kwamba Magnaporthe hutoa protini iitwayo Slp1, ambayo huvidaka vipande vya kitini kabla CEBiP haijavishika, mithili ya mtu anayeiba barua njiani. Hapo hakuna ngome iliyobomolewa. Kuna ujumbe uliozuiwa.

Lakini hoja inayonikera zaidi ni nyingine. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2014 na 2015 zilionyesha kwamba OsCERK1 hiyo hiyo huhitajika ili mpunga uzikaribishe kuvu za mikoriza, zile zinazoishi mizizini na kuuletea mmea fosforasi kwa malipo ya sukari na mafuta. Zaidi ya thuluthi mbili ya mimea ya nchi kavu huishi na kuvu za namna hiyo. Vipande virefu vya kitini, vyenye sukari 7 au 8 zilizoungana, huamsha kinga kwa nguvu. Kuvu za mikoriza hutoa vifupi vya sukari 4 au 5, pamoja na molekuli nyingine zilizoungana na mafuta. Tena mmea wenye njaa ya fosforasi ndio unaotangulia kualika, kwa kumwaga kemikali udongoni. Basi huyu anayebisha hodi na kufunguliwa tumwite nani? Katika lugha ya kambini hana jina, ila msaliti labda.

Ndiyo sababu neno kipokezi halinitoshi. Si kosa, ila sanduku la posta nalo hupokea, na halijui barua ya deni na ya posa. Napendekeza kitambuzi. Neno kinga, kwa upande wake, tulishike kwa mikono miwili. Twakinga jua, na pia twakinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa: kitenzi kimoja, kuzuia na kupokea. Sijui istilahi ya kisayansi iliyokaribia jambo lenyewe kuliko hili, na hatukuikopa kokote.

Wapo watakaosema kwamba wanasayansi wenyewe husema vita, nasi tufuate. Husema kweli. Hata hivyo, wao wana michoro na maabara ya kuwarekebisha sitiari inapowapotosha. Mkulima wa mahindi au maharagwe aliyepewa kijikaratasi kisemacho kuvu ni adui hana cha kumrekebisha. Ataambiwa vipi kesho, kwa Kiswahili hicho hicho, kwamba kuvu nyingine zinamlishia zao lake, na kwamba dawa anayonyunyizia baadhi zake huziua na hizo? Atadhani tumembadilishia maneno, naye atakuwa na haki.

Limebaki jina la protini kama Slp1. Nimejaribu kizibahabari, halinikai mdomoni. Kidakizi ni jepesi, lakini mwanaisimu mmoja wa darasani kwetu amelikataa kwa kuwa linamkumbusha kudakiza mazungumzo. Mimi naona hiyo ndiyo sifa yake. Mwenye bora kuliko hilo alilete katika toleo lijalo.