Mto Mmoja, Ahadi Mbili

Mzozo wa maji wa Klamath, mpakani mwa Oregon na California nchini Marekani, husimuliwa kama kisa cha mji mdogo ulioonewa na serikali ya shirikisho. Aprili 2001, ukame ulipopamba moto, Bureau of Reclamation, wakala wa serikali unaosimamia mabwawa na mifereji, uliyanyima maji mashamba yapatayo 1,400 ili kuwanusuru samaki walio hatarini kutoweka. Mwezi uliofuata maelfu ya watu walijipanga katika mitaa ya Klamath Falls, wakipokezana ndoo za maji hadi mferejini.

Hasira yao ilikuwa na msingi. Baadhi ya mashamba hayo serikali yenyewe iliwagawia askari waliorudi kutoka vita kuu mbili, tena kwa bahati nasibu, na maji yalikuwa sehemu ya ahadi.

Ila simulizi hii humsahau mdai wa kwanza. Mkataba wa 1864 uliwahakikishia Waklamath haki ya kuvua samaki. Mradi wa umwagiliaji uliidhinishwa 1905. Mwaka 2002 wakulima walirudishiwa maji, na Septemba samoni zaidi ya 30,000 wakafa sehemu ya chini ya mto, katika nchi ya Wayurok.

Mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliwanyima wakulima fidia kwa hoja kwamba haki za makabila zilitangulia. Kisheria, sawa. Kisiasa, aliyeahidi mara mbili ameponyoka deni kwa kujificha nyuma ya mmoja wa wadai wake.