Diski za wazee wetu si takataka



Hapa Butembo tunasikiaka vijana wakisema muziki wa miaka ya 70 ni wa wazee. Lakini mwaka 2024 nyumba moja ya diski ya Ujerumani, Analog Africa, ilitoa Congo Funk!, nyimbo za Kinshasa na Brazzaville za tangu 1969 mpaka 1982. Sasa vijana wale wale wanazitafuta kwenye simu! Siwalaumu Wajerumani, wao walitafuta wakapata. Nalaumu sisi, tunaongoja kitu chetu kipite kwanza Ulaya ndipo tukione kizuri.

Musikilize vizuri. Ile si rumba ya polepole ya harusi. Besi inaruka, ngoma inakata, saksofoni inalia juu yao. Wengine wanasemaka ni James Brown alituletea, alipopiga Kinshasa Septemba 1974, mbele ya Ali na Foreman kupigana. Nakataa. Kuazima kwake kulikuwako, lakini Verckys alitoka OK Jazz tangu 1969, akaanzisha Orkestra Vévé na saksofoni yake. Na sebene haikutoka Marekani.

Mtu atasema: tuko shule ya Kiprotestanti, huo ni muziki wa dunia. Haya. Lakini Verckys huyo, katika wimbo Nakomitunaka, anajiuliza mtu mweusi alitoka wapi, na kwa nini katika picha za kanisa malaika ni weupe na shetani ni mweusi. Swali hilo linaweza kumaliza saa nzima ya somo la dini, na kengele ilie bado tunabishana. Tena, siku ya Mungu, kwaya ikichangamka na gitari ikianza kurudiarudia, ile ni nini kama si sebene? (Wapiga gitari, musinikasirikie.)

Kinachonisumbua ni hiki. Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni mwaka 2014, familia mingi zilikimbia. Mtu anakimbia na watoto, godoro na sufuria. Hawezi kubeba diski. Zilizobaki ni zile za ndani ya masanduku ya wazee, na huko nako watoto wanazichezea, ao zinaachwa juani mpaka zinajikunja. Ng'ambo kuko watu wanaolipa bei kubwa kwa diski moja tu ikiwa nzima.

Basi, likizo hii kila mmoja aulize nyumbani kwao, kwa heshima. Asichukue kitu. Aandike jina la orkestra, namba iliyo kwenye karatasi ya katikati, mzee aliinunua wapi na mwaka gani, maana mzee akifa hayo hayaandikwe popote. Diski zenyewe zipanguswe vumbi na kitambaa laini, zisimamishwe kama vitabu, zisilazwe moja juu ya ingine, na zikae mbali na jiko.